Siku ya 41, chupa ya pili

Leo siku ya 41 sijagusa fegi. Nimetoka sasa hivi kukaa na washkaji hapa Majengo, nimekunywa Kilimanjaro mbili, naandika kabla sijalala maana asubuhi ntasahau ilivyokuwa.

Kazini siku hizi sina shida kabisa. Wiki ya kwanza ndo ilikuwa balaa, siku ya tatu nilifokea kila mtu, usingizi hakuna, kichwa kinagonga, ila ikapita. Nikotini yenyewe inatoka mwilini ndani ya siku chache tu. Kinachobaki ni mazoea, na ya kwangu yanakaa kwenye chupa ya pili. Ya kwanza nakunywa freshi tu napiga stori, ikifunguliwa ya pili mkono unaenda wenyewe mfuko wa koti kutafuta kiberiti, leo umeenda mara 3, nimehesabu. Mfukoni siku hizi naweka karanga za maganda, basi nashika moja naipasua taratibu, vidole vipate kazi. Ile hamu ukiivumilia dakika 5 mpaka 10 hivi inashuka, kweli inashuka, ila na moshi wa jirani unakupitia puani jamani ni dakika ndefu.

Wife ananiambia si uache na bia. Hajakosea, mara 2 nilizowahi kuacha nikarudi zote nilirudia baa, na najua fegi na pombe zikikutana zinaongeza sana hatari ya kansa ya koo kuliko kila moja peke yake. Lakini hawa watu nimekua nao, tunaonana Jumamosi tu, na mwezi wa 12 nikipanda Kibosho kwa wazee kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ikinifikia siwezi kuipitisha tu hivi hivi, pale ndo ndugu tunapokaa. Kwa hiyo nimejiwekea mbili, na meza ya wavutaji sikai tena hata wakiniita.

Wakati naondoka nimepita kwa Mangi kununua vocha, kabla sijafungua mdomo keshatoa sigara mbili kwenye pakiti kaziweka juu ya kaunta, mbili kama siku zote. Nikamwambia Mangi mi nimeacha. Kaniangalia, akazirudisha moja moja, akachukua pipi ya kifua kwenye kopo akanipa, hela kakataa. "Kaza hivyo hivyo kaka."

Bado iko mdomoni naandika hapa.