Taya la Mjomba

Mjomba wangu aliendesha lori kati ya Kampala na Arua zaidi ya miaka kumi, na miaka yote hiyo alikesha kwa mairungi, yaani miraa. Mwaka 2014 alikuwa ametimiza miezi minane tangu ayaache. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili Makerere, kichwa kimejaa protini na jeni, na likizo ile nikapanda naye lori kurudi nyumbani.

Usiku kucha nilimsomesha. Sisi tuliozaliwa kwenye kota za jeshi Kiswahili ndicho cha nyumbani, lakini jaribu kumweleza dereva habari za deltaFosB, protini ya kwenye ubongo, saa nane za usiku, uone! Nilianza na jani lenyewe. Nikamwambia ndani yake mna kathinoni, waliyoitambua wanasayansi miaka ya 1970, ndugu wa karibu wa amfetamini, ile dawa ya kusisimua, na kwamba inaufanya ubongo umwage dopamini, kemikali ya hamu na raha.

Akacheka. "Ndiyo maana tunayafunga kwenye jani la mgomba. Yakikauka, wape mbuzi."

Jina la kemikali hakulijua, ila tabia yake aliijua kunishinda. Jani likikauka, kathinoni hugeuka kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo.

Nikaendelea na Eric Nestler, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, ambaye miaka ya 1990 alikuwa akifuatilia kinachobaki kwenye ubongo wa panya waliopewa kokeini. Protini nyingine za ukoo wa Fos huja na kutoweka ndani ya saa chache. DeltaFosB haivunjiki upesi. Dozi ya leo huongeza juu ya iliyobaki jana, inarundikana, nayo kazi yake ni kuwasha jeni hizi na kuzima zile. Panya waliobadilishwa jeni ili wawe nayo kwa wingi waliichangamkia kokeini kuliko wenzao. Nakiri niliipenda mno hadithi hiyo.

Tulivuka daraja la Pakwach alfajiri, tukasimama walipo wauza samaki. Kijana mmoja akaja upande wa dereva, akanyanyua fungu hadi dirishani: jani la mgomba lililofungwa kwa kamba ya mgomba, bado linadondosha maji.

Mjomba hakugeuka. Macho yalibaki mbele. Lakini taya la kushoto likaanza kwenda, polepole, na ulimi ukawa unasukuma shavu kwa ndani, upande ule ule alikozoea kuhifadhi tonge. Mdomoni hamkuwa na kitu. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua, mpaka aliponiona ninavyomtazama.

"Hiyo protini yako," akasema, "hukaa muda gani?"

"Wiki kadhaa, mjomba. Kisha inaisha."

"Mimi nina miezi minane." Akaligusa taya. "Sasa huyu anayetafuna ni nani?"

Maabara tulizoea kuhesabu dozi. Kijana yule hakumpa mtu dozi yoyote, alinyanyua fungu tu. Nikajikongoja kueleza kwamba protini huondoka lakini huacha nyuma mambo yaliyobadilika, kwamba chembe za neva huota vichipukizi vipya vya kupokelea habari, na kufikia kwenye vichipukizi nikaona hanisikilizi tena.

Alimwita mama mmoja, akanunua karanga za shilingi elfu moja, akalijaza shavu lile lile, akawasha injini. Tuliingia Nebbi bado anatafuna.