Nahodha na Jamaa ya Jimbi

Majimbi ya Marikiti safari hii ni makali. Jana nimemenya ya futari, mikono ikawasha mpaka viwikoni, mafuta ya nazi nimejipaka na bado. Nikamkumbuka Nahodha, paka wetu.

Wakati ule tushahama Kibokoni, tuko ghorofani Tudor, papa hapa Mombasa. Ule mmea wa pesa, zawadi ya wifi yangu, ulishatambaa kutoka juu ya kabati la vyombo hadi kwenye pazia. Na Nahodha, aliyezoea kugombania vichwa vya vibua vichochoroni, sasa yumo ndani mchana kutwa, hana kazi. Akaanza na majani.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nilisikia makucha yakikwaruza sakafu, nikadhani amepata mjusi. Kumbe anarudi kinyumenyume, kana kwamba aukimbia mdomo wake mwenyewe. Mate yanamchuruzika, manyoya ya kifuani yameshikana. Apangusa uso kwa mkono huu, kisha huu, atikisa kichwa, afunua kinywa na sauti haitoki. Nami nimesimama na mwiko mkononi. Chini ya kabati, jani limechanika, lina alama za meno.

Halati, mama yangu mdogo, alikuwa amekuja kwa mambo ya harusi. Akaliokota jani, akavunja kikonyo, akajipaka utomvu mgongoni mwa mkono. Akangoja. Mimi naona anachelewa!

"Hili jamaa yake jimbi," akasema. "Lete kitambaa cha maji."

Akamfuta ulimi na fizi. Paka akampapura, naye akamtukana huku akiendelea kumfuta. Kisha akamtilia maziwa kidogo kwenye kisahani.

Daktari wa mifugo tuliyempigia simu hakumpinga. Majani yale yana fuwele za kalsiamu oksaleti, chembe ndogo zenye ncha, huchoma ulimi na koo. Aghalabu haziui, ila akivimba koo, akipumua kwa shida au akitapika mfululizo, mleteni. Akatuuliza tena na tena kama ndani hamna maua ya lili. Hayo huharibu figo za paka, hata akilamba chavua tu iliyomwangukia manyoyani. Hatukuwa nayo. Baada ya isha Nahodha alikula samaki.

Baba watoto alitaka mmea utupwe usiku uleule. Mimi nikautundika kwenye ndoana ya dari, nikakata matawi yote yanayoning'inia, nikampandia paka ngano kwenye kopo la samli apate majani yake. Ngano akailalia.

Tukamwomba Halati aamue.

"Jimbi mwala kila Ramadhani, mbona hamlitupi?"

Baba watoto akasema jimbi huchemshwa.

"Basi mchemshieni paka wenu."

Hukumu ndiyo hiyo. Wifi kila akija huuliza kwa nini zawadi yake imenyongwa darini, nami na baba watoto kila mtu humjibu lake.