Mgongo Ambao Hakuwahi Kuuona

Alikuja studio kwangu Kariakoo mwezi Oktoba 2012, saa nane mchana, amevaa dera pana na mtandio begani. Nikadhani amefuata pasipoti saizi. Akasubiri mpaka wateja wawili waliomtangulia waondoke, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nataka unipige picha ya mwili wangu. Siyo ya glovu, siyo ya mkanda. Mwili."

Alikuwa bondia wa kilo 60 kutoka Manzese. Zilikuwa zimebaki wiki tatu afanyiwe sendofu, na fundi cherehani alikuwa amemshauri gauni lisiwe la mikono mifupi, maana mashangazi wa mwanamume wangeanza maneno. Mikono kama ya kuli, ndivyo walivyokwisha kusema. Basi akawekewa mikono mirefu ya lesi. "Lesi yenyewe nzuri," aliniambia, "lakini na mikono yangu nayo iwe na picha yake."

Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi nikamtuma Posta, nikamwambia asirudi kabla ya saa kumi na moja. Nikafunga mlango, nikashusha pazia. Tulikubaliana kabla sijagusa kamera: picha hazitakaa kwenye kabati la kioo pale nje, hazitakwenda Facebook, na akitaka nizifute nitazifuta anaona. Kwangu mimi makubaliano ya namna hiyo ni nusu ya kazi yenyewe. Mtu hawezi kulegeza mabega huku anawaza picha zake zitaonwa na nani.

Akajifunga khanga ya mama yake kifuani. Nikawasha taa mbili zenye miavuli, moja kulia, moja kushoto, zote zikimtazama usoni, kama nilivyokuwa nikiwapiga maharusi. Nikapiga kama ishirini hivi, nikampa kamera atazame. Alizipitia moja moja, kimya.

"Huyu nani?" akauliza. "Mikono yangu umeipeleka wapi, dada?"

Swali lile liliniingia, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mimi kazi nilijifunzia kwenye chumba cha kusafishia picha, enzi za filamu, na ukutani karibu na mashine palibandikwa kadi ya mwanamke wa Kizungu. Rangi za picha zote zilipimwa kwa ngozi yake, tuwe tunasafisha harusi ya Temeke au kipaimara cha Moshi. Ikaja kompyuta, nikawa hodari wa kupunguza mikono ya mabibi harusi: unaivuta ndani kidogo, unailainisha, mteja anashukuru. Nilishapiga mamia ya wanawake, na taa zangu zote nilizipanga ili zifiche. Sasa mbele yangu amesimama mtu aliyeujenga mwili wake kwa miaka, na mimi nimeufuta kwa dakika kumi.

Nikazima taa moja. Ya pili nikaivua mwavuli, nikaisogeza ubavuni kwake, nyuma kidogo ya bega. Upande wa pili nikatundika kaniki, mwanga usirudi kutoka kwenye ukuta mweupe. Ngozi nyeupe huchorwa na kivuli. Ngozi yetu huchorwa na mng'ao. Mwanga ukiimwagikia kwa mbele huipauza, lakini ukija kwa ubavuni na kuiambaa, kila msuli hupata ukingo wake. Kamera nayo ina tatizo lake: ikikutana na weusi mwingi hudhani iko gizani, ikazidisha mwanga mpaka mtu anaonekana kapakwa majivu. Nikaacha kuisikiliza, nikaweka vipimo kwa mkono. Mafuta ya nazi nilimpaka mabegani, kisha nikayafuta mengi kwa kitambaa, yabaki kidogo tu.

"Simama kama unavyosubiri kengele," nikamwambia.

Hapo ndipo aliponipa mgongo, akaishusha khanga mpaka kiunoni. Hilo sikumwomba. Alianza kuzungumza akitazama ukuta, akanieleza jinsi alivyokaa kwa jirani mwezi Agosti kuangalia ngumi za wanawake zikiingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule London, na jinsi Katie Taylor wa Ireland alivyochukua dhahabu ya kilo 60. "Uzito wangu huo, dada." Alilisema mara mbili. Kadiri alivyozungumza mgongo ukawa unabadilika, mabapa ya bega yakisogeleana na kuachana, mfereji wa uti wa mgongo ukijaa kivuli na kumwagika. Nilipiga bila kumwelekeza chochote.

Nilipompa kamera alikaa nayo muda mrefu.

"Mgongo wangu sijawahi kuuona," alisema. "Wanauona wengine tu."

Akaanza kunionyesha kwa kidole. Huu wa shingoni ni wa ndoo, maji amebeba tangu ana miaka minane. Huu wa begani ni wa begi la mazoezi. Kisha akafika chini ya kwapa la kulia, mahali misuli ilipojipanga juu ya mbavu kama vidole vya mkono. Akakuza picha. "Huu je? Huu sijui umetoka wapi."

Nikamwomba arudi pale pale, ageuke ubavu kidogo, khanga aishike kifuani kwa mkono wa kushoto, arushe ngumi moja ya kulia, taratibu, kisha ya pili kwa nguvu. Nikabonyeza mkono ulipofika mwisho. Tukainamia kamera wote wawili, vichwa vinagusana. Vile vidole vilikuwa vimezishika mbavu na kulisukuma bega lote mbele.

"Kumbe," akasema, akicheka huku anajifuta machozi kwa pindo la khanga. "Kumbe ndiyo kulia yangu."