Daktari alipomgeukia mke wangu

Picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, ilikuwa safi. Nikachukua kofia yangu, nikasimama.

"Kaa kwanza, afande," daktari wa jeshi akasema. "Hii huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani humu. Na bado sijamsikia mama."

Mke wangu alikuwa kimya muda wote, mkoba mapajani. Mimi nilikwisha kusimulia: bomu lililotegwa kando ya barabara, gari la deraya likayumba, masikio yakapiga mluzi, nikatapika, patroli ikaendelea. Kuzimia? Sikuzimia. Au tuseme sikumbuki, na hapo ndipo jeraha hili linapowachenga watu, maana shahidi anayeulizwa ndiye huyo huyo aliyetikiswa kichwa.

"Mama, tangu arudi umeona nini?"

Akaanza na madogo. Kwamba nakula gizani kwa sababu taa inaniumiza. Kwamba nainjika maji, naondoka, yanakauka hadi sufuria inaungua. Kwamba mtoto akiangusha kijiko namfokea hadi anatetemeka, kisha baadaye namwuliza kanunia nini. Hilo la mwisho nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nilitaka kubisha, lakini yeye hata hakunitazama.

Daktari akaniambia nitaje miezi ya mwaka kinyumenyume. Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba, Agosti… Juni. Hapana, Julai. Jasho likanitoka. Mimi niliyekuwa nikisoma namba za mahali kwenye ramani redioni huku risasi zinapita!

Nadhani aliona nimefedheheka, ndiyo maana akanipa habari ya kambi ya Al Asad, Iraq. Makombora ya Iran yalipoipiga Januari 2020, mwanzoni ilitangazwa kwamba hakuna askari wa Marekani aliyeumia. Baadaye zaidi ya 100 wakapatikana na jeraha la ubongo. Wimbi la mlipuko si lazima likuachie kovu.

Akaandika: usingizi, mazoezi ya kumbukumbu, na nisikaribie milipuko, kwani mtikisiko wa pili kabla ya wa kwanza kupona ni hatari zaidi.

Mke wangu hakuridhika. Akauliza kama naruhusiwa kuendesha gari, kama hasira zitaisha, na kama wenzangu waliokuwa kwenye lile gari nao wamepimwa. Gari, tusubiri kwanza. Hasira, zitachukua muda. Kwa la tatu, daktari alivuta karatasi nyingine, akaniomba majina yao.