Chupa inayokataa kuwa kiti: siku yangu moja ya kuunda gemu, Nakuru

Saa 12:40 asubuhi

Nashuka kwenye matatu pale London, mtaa wetu wa Nakuru, napanda kuelekea Gioto. Hilo ndilo jaa la jiji, limeegemea mteremko wa Menengai. Nimevaa buti na jaketi mbili, maana baridi ya huku asubuhi haijali kama ni Januari au Julai.

Nimekuja kurekodi sauti. Gemu tunayoiunda mimi na wenzangu wawili inahusu mtu anayenunua taka na kuzigeuza vitu vya kuuzika, na nataka mchezaji aitambue plastiki kwa sikio kabla ya jicho. Wenye kazi hii hawana haja na ile nambari ya aina ya plastiki iliyochapwa ndani ya pembetatu kwenye kitako cha chupa. Mara nyingi imefutika, na hata isipofutika, nani ana muda wa kupindua kila chupa? Wanagonga kwa ukucha, wanaminya, wanakunja. Chupa ya maji inapiga kelele ukiikunja. Mtungi wa mafuta ya kupikia unajibu kwa sauti nzito, ya chini. Bomba la maji taka ni gumu, haliminyiki, na ukiligonga jiwe linalia kavu.

Nampata mama mmoja anayechambua mzigo wake, namsalimu, namweleza shida yangu.

"Mama, niminyie hiyo tena, tafadhali."

"Hii? Siku hizi mnanunua hadi kelele?"

"Tunanunua, mama."

"Basi ngoja nikuletee zenye kelele za maana, kijana wangu."

Ananiletea kweli. Akimaliza anafunga gunia lake kwa utepe mrefu uliokatwa kutoka kwa chupa ya soda. Namwomba ruhusa nipige picha ule utepe, sura yake isionekane. Anacheka, anasema mwenye akili zake angepiga picha yake yeye.

Saa 2:15

Chai ya rangi na mandazi kando ya barabara. Nikinywa naandika kuhusu kitu ambacho michoro yetu haijakipata bado: tabaka. Jaa lina umri. Ukichimba unarudi nyuma. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo mchezaji akichimba chini kiasi fulani aanze kukutana na juala nyingi, nyeusi na zenye mistari, zile zilizokuwa zikipeperuka kwenye kila seng'enge. Zaidi chini akute betri za redio na mikebe ya mafuta ya kupikia ya bati. Hakutakuwa na maandishi ya kumweleza mwaka. Atajua kwa kinachotoka.

Saa 3:30

Tuna chumba cha kupanga mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Tunatumia Godot, injini ya kuundia gemu isiyo na malipo na ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Simu tunayoilenga ni ya Android yenye RAM ya GB 2. Hiyo ndiyo iliyo mikononi mwa watu tunaowajua. Gemu ikikwama kwenye simu hiyo hatuna gemu.

Kazi ya asubuhi ni pipa la maji. Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na sijutii. Plastiki ya chupa za maji na soda, inayoitwa PET, ina uzito wa takriban gramu 1.38 kwa kila sentimita ya ujazo, maji yakiwa na gramu 1, kwa hiyo inazama. Ya mitungi migumu, HDPE, iko kwenye 0.95, na ya vifuniko vingi na ndoo, PP, iko kama 0.90. Hizo zinaelea. Ukikata kila kitu vipande vidogo na kumwaga majini, maji yenyewe yanakuchambulia: chupa chini, vifuniko juu. Viwanda vinafanya hivyohivyo.

Lakini chupa nzima inaelea, kwa sababu imejaa hewa. Mchezaji anayekimbilia pipa kabla ya kukata anaona kila kitu kiko juu, na mzigo wake unanunuliwa kwa bei ya takataka zilizochanganyika. Hatumwambii kosa liko wapi. Hapo ndipo raha ya gemu ilipo, kwa maoni yangu. Gemu nyingi za aina hii nilizocheza zinampa mtoto mapipa matatu ya rangi tofauti na kumpigia makofi akitupa chupa kwenye pipa sahihi. Mtaa gani huku kwetu una mapipa matatu ya rangi tofauti yaliyojipanga? Kazi yenyewe inaanza pale ambapo gemu hizo zinaishia.

Kisha kuna adui. PVC, plastiki ya mabomba na ya baadhi ya lebo zinazoivalia chupa kama soksi, nayo inazama. Inakaa chini ya pipa pamoja na PET, na kiasi kidogo tu kikiyeyushwa nayo kinatoa asidi inayoharibu mzigo mzima. Maji hayamsaidii mchezaji hapo. Itabidi arudie jicho na ukucha. Levo ya nne itakuwa chungu, na ndivyo ninavyoitaka.

Saa 7:00 mchana

Chapati na maharagwe karibu na soko la Wakulima. Nikiwa kwenye foleni namwona mwenye mahindi akipima kwa gorogoro, mkebe wa bati wa kilo mbili uliomaliza kazi yake ya kwanza zamani. Hii huenda ndiyo bidhaa ya taka iliyofaulu kuliko zote nchini, na haikuhitaji tanuri wala ruzuku. Naiandika kwenye orodha ya vitu vya mwanzo kabisa, pamoja na koroboi ya mkebe na akala za tairi: vitu ambavyo mchezaji anavitengeneza kwa kisu, nyundo na mikono.

Saa 8:00

Ugomvi, na ulistahili kutokea.

Mwenzangu wa michoro amechora mashine nzuri sana. Mdomo mkubwa juu, kijani kibichi, taka yoyote inaingia na benchi linatoka. Imechorwa kwa upendo, na mimi siitaki.

"Watu wanataka kuona kitu kikitoka," ananiambia. "Chupa ndizo nyingi kuliko kitu chochote kwenye gemu yako, na haziwi kitu. Mchezaji anaziokota, anazibana, zinapakiwa kwenye lori, zinaenda Nairobi. Hiyo ni gemu ya kupakia lori, bro."

Ana haki yake. Mtungi wa HDPE unalainika karibu nyuzi 130, joto ambalo fundi wa mtaani anaweza kulifikia na kulidhibiti. Ukichanganywa na mchanga unakuwa tofali la kutandaza chini. Nzambi Matee alijulikana duniani kwa matofali ya plastiki na mchanga aliyoyatengenezea Nairobi, akapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya vijana watetezi wa mazingira mwaka 2020. Lakini PET inataka nyuzi 250 na zaidi, na isipokaushwa vizuri kabla ya kuyeyushwa, unyevu unaivunja ndani kwa ndani na kinachotoka kinapasuka mkononi. Kwenye sufuria ya nyuma ya nyumba, chupa haigeuki kiti. Nikimruhusu mchezaji aigeuze, nitakuwa nimemfundisha uongo, na kuna mtoto atakayejaribu nyumbani na kuvuta moshi huo.

Kwa sababu hiyohiyo tulikataa mapema kuweka njia ya kuyeyusha betri za magari, ingawa ingeleta faida kubwa ndani ya gemu. Owino Uhuru kule Mombasa, watu waliishi ukutani mwa kiwanda cha namna hiyo, madini ya risasi, yaani lead, yakaingia kwenye damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri kwenye gemu yetu inaokotwa na kukabidhiwa, basi.

Tunanyamaziana kidogo. Halafu nafungua picha za asubuhi na kumwonyesha ule utepe wa mama.

Tunachukua chupa kwenye ndoo ya taka ya ofisi. Anaikata kitako, anabana wembe kwenye mpasuo wa kijiti, anavuta. Utepe unatoka mmoja, mrefu, bila kukatika, mpaka chupa inabaki shingo tu. Tunafunga nao penseli mbili msalaba na kuzimwagia maji yaliyochemka kwenye birika. Plastiki ya chupa ilivutwa ilipokuwa ikipulizwa kiwandani, ikipata joto inajikunyata kurudi ilikokuwa. Fundo linakaza hadi penseli hazichezi.

"Hiyo sasa," anasema, "naichora leo."

Kwa hiyo chupa haitakuwa kiti, itashika kiti. Miguu ya mbao kutoka kwenye paleti za mizigo, kamba ya chupa, maji moto. Na vikapu, maana utepe huo unasukika. Mashine ya kijani tumeiacha kama bango kwenye ukuta wa levo ya kwanza, tangazo la kampuni isiyowahi kuja.

Saa 10:15 jioni

Watoto wa jirani zetu wa ghorofa ya chini wametoka shule. Mzazi yupo, anasuka mtu nywele pembeni, simu ni yetu. Sheria yangu ni moja: mimi sisemi. Nikilazimika kueleza kitu, kitu hicho kinaandikwa kama kasoro.

Kaka mtu anavamia pipa na chupa nzima, kama tulivyotarajia, anakasirika, anajaribu kuzikanyaga kwanza. Hatukuwa tumefikiria kukanyaga. Chupa iliyokanyagwa kifuniko kikiwa kimefungwa bado ina hewa. Ikiwa wazi inazama. Anagundua ndani ya gemu kwa bahati tu, kwa sababu hesabu za hewa tuliziandika sawasawa, na anapiga kelele kwamba ameivunja gemu. Hajaivunja.

Dadake hachezi hivyo hata kidogo. Anaweka mitungi migumu kwenye kibanda chake na hauzi. Bei inapanda, hauzi. Inashuka, ananunua ya wengine. Namuuliza baadaye, gemu ikiwa imezimwa, alikuwa akingoja nini.

"Mvua," anasema. "Mvua ikinyesha hawaendi kuokota. Halafu wanunuzi watanitafuta mimi."

Tumeandika mvua ili kujaza mitaro maji, siyo kwa ajili ya soko. Mtoto wa darasa la sita ametuonyesha kwamba ndani ya gemu yetu tayari kuna broka. Mwenzangu wa hesabu anataka kumzuia kwa kumwekea gharama ya kibanda. Mimi nasema aachwe, ila paa la kibanda livuje.

Saa 1:30 usiku

Stima inapotea, inarudi, inapotea. Laptopu ina chaji. Naandika msimbo wa utepe: upana ukiwa mdogo, urefu unaongezeka na nguvu inapungua. Nusu saa ya hesabu, saa nzima ya kuufanya ujikunje vizuri kwenye skrini ndogo.

Saa 3:00 usiku

Faili jipya limezidi ukubwa tuliokubaliana, na mkosaji ni muziki. Nauondoa wote. Natuma toleo kwa wazazi waliokubali watoto wajaribu, na kabla sijafunga laptopu ujumbe unaingia kutoka simu ya mama yao: yule msichana anauliza kama kesho ataweza kumuuzia kakake utepe, kila mmoja akiwa na simu yake. Kwa intaneti haitawezekana, bando la nyumba hiyo ni la siku. Labda Bluetooth. Nafungua maelezo ya Godot kuona kama kuna njia, na inaonekana kwa Android itabidi tuandike kiunganishi wenyewe. Namjibu kwamba kesho hapana, na aanze kufikiria atamuuzia bei gani.