Si Jameson Peke Yake: Wiski za Ireland Nilizoonja Dublin

Mhudumu wa baa moja hapa Dublin alisita kunimiminia wiski ya Redbreast ya miaka 12, akaniuliza kama ninajua bei yake, kisha akanishauri nichukue Jameson na soda kwa kuwa ndivyo watu wa kwetu wanavyopenda. Nililipa, nikainywa kavu mbele yake, lakini neno lile limenikaa rohoni.

Ni kweli kwamba kwetu Nairobi mzinga wa Jameson ukiwekwa mezani, kila mtu hujua mwenye meza ni nani. Hata hivyo, kutojua kitu kwa sababu hakikuletwa sokoni kwenu si sawa na kukosa ulimi wa kukitambua. Sisi Wakenya kadhaa tunaofanya kazi za zamu hapa tumekuwa tukichanga fedha, kila mmoja akileta chupa tofauti, tukaonja polepole na kubishana kwa heshima, na ninaweza kusema bila woga kwamba tunazifahamu kuliko wengi waliozaliwa nazo.

Sheria inataka wiski ya Ireland ikae ndani ya mapipa ya mbao kwa miaka isiyopungua 3 katika kisiwa hiki, na isipungue nguvu ya asilimia 40. Baada ya hapo, tofauti hutokana na nafaka na pipa. Bushmills, inayotoka Antrim upande wa kaskazini, ina wiski zinazotengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake na kukenekwa, yaani kugeuzwa mvuke na kupozwa, mara tatu. Ni laini, ina harufu ya asali, na ndiyo ningempa mtu anayeanza. Jameson yenyewe ni mchanganyiko, na sehemu yake kubwa ni wiski nyepesi ya nafaka, ndiyo sababu inakubali soda bila kulalamika. Connemara ni jambo jingine kabisa: kimea chake hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi ambao watu wa hapa huuchimba, huukausha na kuuchoma kama kuni. Mwenzetu mmoja kutoka Kericho aliipenda mara moja, akasema inamkumbusha mursik, yale maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi. Mimi moshi ule hunizibia kila kitu kingine.

Roho yangu iko kwenye zile ambazo Waireland hukeneka kwa mtungi wa shaba wakichanganya kimea na shayiri mbichi isiyooteshwa. Zamani serikali ilipotoza kodi kwenye kimea, watengenezaji walipata sababu kubwa ya kuongeza nafaka mbichi ili kupunguza mzigo huo, na kutokana na ubahili huo ikaimarika ladha ambayo hakuna nchi nyingine inayojulikana nayo. Anayejua busaa anajua kimea cha wimbi kinavyoleta utamu. Hapa shayiri mbichi huleta kinyume chake, yaani uzito kama wa mafuta juu ya ulimi na ukali wa viungo unaochelewa kuondoka. Green Spot ina uzito huo pamoja na harufu ya tofaa bichi. Redbreast, iliyokaa kwenye mapipa yaliyowahi kuwa na bourbon, wiski ya Marekani, na mengine yaliyowahi kuwa na mvinyo wa sherry kutoka Uhispania, inanukia zabibu kavu na mdalasini, na ukiitia matone mawili matatu ya maji, harufu hufunguka ghafla hadi unarudisha pua kwenye glasi kabla ya kunywa. Kuimwagia soda ni kuharibu miaka 12 ya kazi ya watu.

Linaloumiza ni gharama. Ushuru wa serikali peke yake ni euro 42.57 kwa kila lita ya kileo halisi, maana yake karibu euro 12 kwa chupa ya kawaida ya mililita 700, kisha inakuja kodi ya mauzo ya asilimia 23. Tangu Januari 2022 kuna pia bei ya chini kabisa ya kisheria, hivyo chupa hiyo haiwezi kuuzwa chini ya euro 22 hivi, hata iwe mbovu namna gani. Duka nalo haliruhusiwi kukuuzia kabla ya saa nne na nusu asubuhi wala baada ya saa nne usiku. Waliozoea sheria ya Mututho kule Kenya, inayobana saa za kuuza pombe, hawatashangaa.

Nanyi mnaojiandaa kuja, sikieni hili. Leseni ya udereva ya Kenya haibadilishwi hapa, utaanza upya kama mwanafunzi, na kiwango cha kileo kinachoruhusiwa kwa mwanafunzi na dereva mpya ni miligramu 20 kwa mililita 100 za damu, wakati madereva wengi wazoefu wanaruhusiwa 50. Toti ya hapa ni mililita 35.5, na moja tu yaweza kukupokonya leseni na hata kazi. Onjeni nyumbani, siku ya mapumziko.

Kwa matumizi ya kila mwezi mimi hununua Powers, ambayo ina ule uzito wa shayiri mbichi kwa karibu nusu ya bei ya Redbreast. Redbreast nitaendelea kuiagiza katika baa ileile, kavu, na maji kidogo pembeni.