Shilingi ya simba haisuguliwi

Ndimu, majivu, dawa ya meno na msasa. Hivi vinne ndivyo vimemaliza shilingi nyingi za mkoloni hapa Dodoma. Mwenye nayo anataka ing'ae kabla ya kuipeleka sokoni, kumbe mnunuzi anayejua akiona mikwaruzo ile chini ya lenzi anaipima kwa gramu kama chakavu. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina robo tu ya madini ya fedha. Ukivua ngozi yake ya juu, wekundu wa shaba unachungulia, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kabla ya kununua chochote uwe na mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 na lenzi ya kukuza mara 10. Kisha jifunze kusoma maandishi, maana simba na milima vipo kwenye shilingi zote, za fedha na zisizo za fedha. Pembeni ya kichwa cha mfalme tafuta "ET IND:IMP:", yaani mfalme huyo pia ni Kaizari wa India. India ilijitawala 1947, na shilingi za kuanzia 1948 hazina tena maneno hayo, wala hazina fedha; ni shaba na nikeli. Kwa hiyo IND:IMP ikiwepo, fedha ipo, na mizani isome karibu gramu 7.78. Kongwa, ambako mradi wa karanga ulianza kulipa mishahara 1947, tegemea zaidi hizi za nikeli.

Usidanganywe na ukubwa. Shilingi yetu ya fedha ina kama gramu 1.94 tu za fedha halisi. Shilingi ya Ireland ya 1928 hadi 1942, yenye kinubi upande mmoja na fahali upande wa pili, ni ndogo na ina gramu 5.66, lakini robo tatu yake ni fedha: zaidi ya gramu 4.2. Ukiikuta kwenye fungu la sarafu za Uingereza zilizoletwa kwa pamoja, muuzaji mara nyingi anaiona kama kichele tu. Baada ya vita nao Waayalandi walihamia nikeli.

Senti kumi zenye tundu ndizo zinazozua kelele nyingi. Ile ya 1936 yenye jina EDWARDVS VIII inauzwa kwa hadithi ya mfalme aliyejiuzulu kabla ya kutawazwa. Hadithi ni ya kweli, bei siyo. Sarafu zenye tundu hazina picha ya mfalme, hivyo viwanda vilibadilisha jina tu na kuzipiga kwa wingi. Angalia herufi ndogo ya kiwanda: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Na usitegemee mwaka peke yake, soma jina, kwa sababu mwaka huohuo George V, mfalme aliyemtangulia, naye anaonekana.

Palipo na pesa nyingi pana uongo mwingi, na hapo ndipo Tabora inaingia. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa, walipiga sarafu zao kwenye karakana ya reli: heller (senti za koloni lao) 5 na 20, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Hiyo ya tembo imeigwa mno. Halisi ina gramu 7.17 na dhahabu ya asilimia 75. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe bila kugusa kuta wala sakafu ya glasi. Mizani ikisoma kati ya 0.45 na 0.50, endelea na mazungumzo. Ikisoma 0.8, hiyo ni shaba ya njano iliyopakwa rangi. Mapovu yakishika sarafu namba inapanda, kwa hiyo itikise kidogo kwanza.

Nishani zina kanuni zake. Medali za duara za Uingereza za Vita vya Kwanza husomwa ukingoni: namba, cheo, jina, kikosi. Ile ya fedha yenye mpanda farasi ina kipenyo cha milimita 36. Ukingo ukiwa umekwanguliwa, jina limefutwa na thamani imeondoka nalo. Nyota za Vita vya Pili ni kinyume. Uingereza haikuziandika majina, ila Afrika Kusini na Australia waliandika. Kwa hiyo Burma Star (nyota ya vita vya Burma) ya askari wa Keya, yaani King's African Rifles, ikiwa na jina lililochongwa, kuna mtu alichonga baadaye. Kinachoipa uzito ni karatasi za kuachishwa jeshi na sanduku lake la karatasi, hivyo usiruhusu familia iuze nyota leo na karatasi mwakani. Riboni iliyochakaa iache ilivyo.

Ukilazimika kuosha, tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, loweka usiku, kausha kwa kugandamiza kitambaa laini. Dukani ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa asidi, kwa hiyo soma chupa. Gundi inatoka kwa asetoni, bila kusugua. Vumbi letu jekundu ni mchanga, kwa hiyo puliza kabla hujapangusa. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kama ya pazia la bafu iepuke: inatoa ute wa kijani unaokula shaba. Bahasha za karatasi isiyo na asidi zinatosha, kila sarafu na yake.

Kondoa ilipiganiwa Mei 1916 na vitu bado vinatoka ardhini. Risasi au bomu, hata lenye kutu, usiliguse wala usilipime kwenye mizani yako, waite polisi. Vifungo na beji zilizofukuliwa, uliza kwanza idara ya mambo ya kale, hasa mnunuzi akiwa wa nje.